Dawa ya Kutu

Maneno ya kwanza ambayo Fundi aliwahi kuniambia yalikuwa malalamiko. Nilikuwa nimehamia chumba cha pili kutoka kona, upande wa Uganda wa mji wa Busia, pamoja na cherehani yangu mpya ya stima. Sikuwa nimemaliza hata kola moja alipotokea mlangoni, bisibisi mkononi, bila hata hodi.

"Mama, hii cherehani yako iko ndani ya kwaya yangu."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa bisibisi kwamba nimfuate, nikamfuata hadi chumba chake, ambacho kilitengwa na changu kwa ukuta mwembamba wa matofali. Kwenye spika mbili kubwa kwaya ya kanisa ilikuwa ikiimba, safi kabisa. Akampigia kelele mteja niliyemwacha kule akanyage pedali. Kwaya ikaingiwa na nzi. Sina namna nyingine ya kuueleza ule mlio: mwembamba, wa juu, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mteja alipotoa mguu, nzi akatoka.

"Wewe nasikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Basi shona polepole."

Sare za shule hazishonwi polepole. Tulinuniana karibu mwaka mzima. Kila nilipokanyaga pedali kwa nguvu alipiga ukuta mara tatu kwa nyundo, nami nikawa nakanyaga zaidi ili nisikie atapiga mara ngapi. Urafiki wetu ulianza hivyo, kwa ukuta, na sikumbuki siku hasa tulipoacha kuitana majina mabaya. Nakumbuka tu kwamba mwisho wake aliniita Mama Nekesa, kama walivyoniita wote, nami nikamwita Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu kutoka kwenye geti la mpaka hadi Dabani.

Ukoo wake siujui vizuri na sitajifanya naujua. Akiulizwa kwao alisema "Nabuyoga" na kurudi kwenye kazi yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoanguka kidogo mbele kwa ajili ya kuinamia meza, na alivaa koti moja la bluu ambalo liliwahi kuwa la mtu mwingine, kwa sababu mfuko wa kifua ulikuwa na alama za nyuzi mahali ambapo jina lilifumuliwa. Siku moja nilijitolea kulibana mikono. Alikataa, akasema koti likimkaa vizuri watu watafikiri ni meneja.

Wengi walidhani anatengeneza redio. Yeye alisema hatengenezi redio, anatengeneza mahali vitu vinapokutana. Kwa imani yake, amplifaya kumi zikiletwa zimekufa, tisa bado ziko hai. Ni pale tu waya inapoingia kwenye tundu ndipo pameota kutu. "Stima si mvivu," alikuwa akisema. "Inafika mlangoni, inakuta mlango imefungwa. Wewe unatukana stima bure."

Neno lake kubwa lilikuwa kushika. Waya ilishika au haikushika, basi. Alilitumia hata kwa binadamu. Mhubiri ambaye maneno yake hayakuwaingia watu, huyo hajashika. Ndoa ya jirani yetu mmoja ilipovunjika baada ya miezi michache, na sisi wanawake wa jengo lile tukiwa bado tunatafuta mwenye makosa, Fundi alipita na birika la chai akasema, "Ile haikuwa imeshika. Ilikuwa imegusana tu."

Kazi yenyewe aliifanya kwa mpango usiobadilika. Kwanza kuchomoa plagi zote, hata zile ambazo mteja aliapa ni nzima. Kisha kuzifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Vitambaa vilikuwa vyangu, mabaki ya sare. Kisha kuzisugua kwa kifutio cha penseli mpaka chuma king'ae, na kuzifuta tena. Hapo ndipo alipofungua droo na kutoa dawa.

Dawa ilikaa katika kichupa kilichokuwa cha matone ya macho. Ilikuwa grisi nzito ya kijivu, yenye unga laini wa madini ya fedha ndani yake, kwa hiyo yenyewe ilipitisha stima. Aliletewa na dereva mmoja wa lori ambaye spika zake za nyumbani aliwahi kuziponya, na kichupa kimoja kilimtosha muda mrefu ajabu. Aliipaka kwa sindano zangu za cherehani zilizokuwa butu. Kila mwisho wa wiki nilimpelekea zilizochoka, naye alizipanga kwenye kipande cha sabuni kikavu. Alichovya ncha, akagusa chuma mara moja, akazungusha plagi ndani ya tundu lake ili dawa ienee yenyewe. Kilichobaki nje alikifuta. Chuma, alinieleza, hata kikiwa laini namna gani kina vishimo ambavyo jicho halivioni. Dawa inavijaza, ili chuma na chuma vishikane kila mahali. Zaidi ya hapo haina kazi.

"Ukiiona, umezidisha," alisema. Hii niliisikia mara nyingi kuliko salamu.

Mwanafunzi mmoja kutoka chuo cha Busitema alikuja kubishana naye juu ya jambo hili. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa ameharibu amplifaya yake mwenyewe. Alikuwa amejinunulia dawa kama hiyo, mrija mzima, akaijaza ndani ya soketi yenye vijiti vingi vilivyobanana.

"Mzee, mimi nasoma mambo ya stima," alisema. "Kama dawa kidogo inasaidia, mingi si itasaidia zaidi?"

Fundi alimpa stuli. Akafungua ile soketi, akamwonyesha uji wa kijivu uliolala kati ya kijiti na kijiti.

"Hii dawa haina akili. Inapitisha stima mahali yote iko. Wewe umetuma stima kupitia geti, sindiyo? Sasa umeifungulia njia ya panya. Inapita huku, inapita kule, hakuna mtu anaiuliza kitu."

Njia za panya hatufundishwi na mtu hapa mpakani. Ni vile vijia vya nyuma ya nyumba ambavyo sukari na mafuta ya kupikia hupitia bila kuonana na afisa yeyote. Kijana alicheka mpaka akashika tumbo, na nadhani hakulisahau somo lile, kwa kuwa alirudi baadaye na marafiki zake wawili ili nao walisikie.

Kwaya niliyoisikia siku ya kwanza ilikuwa kwenye kaseti, na kaseti hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Kila amplifaya iliyoingia kwake ililazimika kuimba wimbo uleule kabla ya kutoka. Hakusikiliza sauti za waimbaji wala ngoma. Alisikiliza kayamba. Kulikuwa na mtu katika kwaya ile aliyetikisa kayamba nyuma ya wengine, mbegu ndani ya matete, shaa-shaa, shaa-shaa, mlio mwembamba unaotokea kwenye twita, ile spika ndogo ya juu. Fundi alisema mlio mnene hupita hata kwenye kutu, lakini kayamba ndiyo ya kwanza kupotea. Kama kayamba haisikiki, kuna mahali hapajashika.

Wala usidhani alipenda muziki. Niliwahi kumuuliza kwaya ile ilikuwa inaimba nini, naye alifikiri kidogo, akasema, "Mambo ya Mungu."

Alikuwa na mtihani wake, na huo ndio hasa uliofanya nimheshimu. Kabla ya kupokea kazi alimkalisha mteja kwenye kiti akitazama ukuta. Akampigia kaseti. Kisha akaisimamisha, akashughulika nyuma ya mgongo wa mteja kwa dakika chache, akapiga tena, na kuuliza kama kuna tofauti. Mara nyingine alikuwa amepaka dawa. Mara nyingine alikuwa ameketi tu.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye hoteli upande wa Kenya, kijana wa mjini, aliyebeba amplifaya yake kichwani kuvuka mpaka. Alitazama ukuta, akasikiliza mara mbili, kisha akaruka kutoka kitini.

"Buda! Hapo sasa! Ya pili inabamba mbaya. Besi inanigonga kifua!"

"Sijagusa kitu," Fundi akasema. "Nilikuwa nakunywa chai."

Akamrudishia mzigo wake, akakataa kumtoza chochote, akamwambia mashine yake ni nzima, arudi ikiugua. Yule bwana aliondoka amenuna kama mtu aliyeibiwa. Nikamuuliza Fundi kwa nini anajitafutia hasara hivyo.

"Mtu akishaamua kutoa pesa, masikio yake yanakuwa na adabu," alisema. "Yanakubali kila kitu. Mimi sitaki masikio ya adabu."

Kiburi hicho hakikumzuia kuwa na mambo yake ya ajabu. Mtu huyu wa ncha ya sindano alitia sukari vijiko sita katika kikombe kimoja cha chai. Mtu huyu wa mitihani aliamini kwamba stima ya upande wa Kenya ni kali kuliko ya Uganda na huchosha mashine, na hakuna siku aliyokubali kuvuka kwenda kuifanyia kazi, ingawa geti tuliliona kutoka mlangoni. Nilimwambia apime. Akasema mambo mengine hayahitaji kupimwa. Spika za blututhi zilipoingia na wateja wakapungua, hakuzilaani kama mafundi wengine. Alichukua yangu, akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Hii haina mahali pa kupaka," alisema, kwa sauti ya kumhurumia mtu.

Neno dawa lilimletea taabu mara moja, na naisimulia kwa sababu alishinda. Alikuwa akiziangalia spika za kanisa moja kule Dabani. Siku moja mwimbaji alimsikia akisema ameshazipaka dawa, na mpaka Jumapili iliyofuata ikawa imesemwa kijiji kizima kwamba ndiyo sababu watu wanalia sana wakati wa mahubiri. Wazee watatu wa kanisa wakaja dukani, wamevaa makoti ya ibada siku ya Jumanne.

"Tumesikia umeweka dawa ndani ya nyumba ya Bwana," mkubwa wao alisema.

Fundi hakubishana. Alitoa kichupa, akachovya sindano, akajipaka alama ndefu ya kijivu mkononi kuanzia kiwiko hadi kiganja, akaunyosha mkono mbele yao.

"Dawa ya kutu," alisema, "si dawa ya watu. Kama ni ya watu, ngojeni hapa mnione."

Wakangoja, kweli. Nikawapelekea chai. Baada ya chai wakacheka, wakaomba msamaha, wakaondoka. Mmoja wao alirudi kutoka kona, peke yake, akauliza polepole kama haiwezi kusaidia magoti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Mimi na mwenzangu tuliyeshona naye tulikuwa na marundo ya sare mpaka mlangoni, na cherehani haikupumzika. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba ukuta umenyamaza. Hakuna nyundo. Nikamwachia mwenzangu pedali, nikaenda kumsalimu, nikidhani labda anaumwa.

Alikuwa ameketi mbele ya spika, kichwa ameinamisha upande. Kaseti ilikuwa ikicheza, na nzi alikuwa ndani ya kwaya, mkubwa kuliko wakati wowote, kwa sababu mwenzangu alikuwa akikanyaga kama anafukuzwa. Juu ya nzi, kayamba ilisikika wazi, shaa-shaa, shaa-shaa. Fundi hakumsikia nzi. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Mama Nekesa, kayamba imepotea. Wewe nasikia kayamba?"

Nilijua papo hapo. Marehemu mama yangu alianza hivyohivyo: alipoteza milio ya ndege kwanza, kisha mlio wa simu, kisha sauti za wajukuu. Nilielewa kwamba waya zote za Fundi zilikuwa zimeshika, na pale palipoachia palikuwa masikioni mwake. Na nilimjibu hivi:

"Kidogo."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Ningeweza kusema nilimhurumia, na ni kweli kwa sehemu. Lakini sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa na sare za watoto wa shule tatu, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale niliweza kushona nipendavyo. Ukimya wake ulinifaa. Masikio yangu hayakuwa na adabu hata kidogo. Mdomo wangu ndio uliokuwa nayo.

Kwake yeye, kidogo lilikuwa jibu la kutosha. Kama hata mimi naisikia kidogo, basi kosa liko kwenye mashine. Akafungua droo. Tangu wiki ile nilimwona akipaka asubuhi, akisikiliza, akitikisa kichwa, akipaka tena. Kichupa kilichodumu muda mrefu kilianza kwisha, akaagiza kingine. Sindano zangu aliziacha, akawa anatumia kijiti cha kiberiti, kisha kidole.

Kanisa la Dabani liliunguliwa na amplifaya Jumapili ya mavuno. Nasema iliungua, kwa kuwa moshi ulitoka nyuma ya mashine katikati ya wimbo wa matoleo, na ibada ikaendelea kwa midomo mitupu. Kesho yake mwalimu wa kwaya aliileta kwenye gunia. Alikuwa mtu mpole na aliona aibu kuliko Fundi.

"Mzee, samahani. Tuliipeleka kwanza kwa fundi mwingine aifungue. Anasema hapa nyuma, kati ya skrubu ya waya nyekundu na ya waya nyeusi, dawa imejaa. Imeunganisha zote mbili."

Fundi aliiweka mezani, akavaa miwani. Uji wa kijivu ulikuwa umetanda kutoka skrubu moja hadi nyingine, mnene kama siagi juu ya mkate. Alikaa akiutazama.

"Nimefungua njia ya panya," alisema. "Mimi."

Hakusema fundi yule ni mwongo, wala hakusema mashine ilikuwa kuukuu. Alichomoa amplifaya yake ya dukani, ile iliyopima mashine zote, akaitia kwenye gunia, akampa mwalimu wa kwaya pamoja na spika zake mbili kufidia ile iliyoungua. Mwisho wa wiki hiyo alifunga duka. Alipokuja kuniaga alisimama mlangoni pangu, mahali palepale alipolalamika siku ya kwanza.

"Mkono yangu haijawahi kuzidisha, Mama Nekesa. Sijui ni nini."

Nilikuwa na sindano mdomoni. Ningeweza kuitoa na kumwambia ni nini. Nikamwambia asafiri salama, akaondoka kwenda Nabuyoga kulima, huku hajui kama kosa ni la mkono au la sikio. Mtu aliyekuwa akipima kila kitu aliondoka na swali hilo moja, na jibu nilikuwa nalo mimi.

Miezi ilipita. Sindano butu zilijaa kwenye kopo, kwa sababu sikuwa na wa kumpa na sikuweza kuzitupa. Asubuhi moja nikalifunga kopo kwenye kanga na kuondoka. Nilifika Tororo kabla ya jua kuwa kali, nikachukua pikipiki hadi Nabuyoga, na mwamba wa Tororo ukabaki nyuma yangu njia nzima. Kumuulizia hakukuwa kazi. Nilisikia kwaya kabla sijaiona nyumba.

Binti yake alinipokea uani, mikono ina unga wa muhogo.

"Karibu, Mama. Baba iko ndani, anapaka. Kila siku anapaka. Kuku wote wamehamia kwa jirani kwa sababu ya hiyo kwaya."

Niliiona dawa kutoka mlangoni. Alikuwa na amplifaya ndogo ya zamani na spika mbili za mbao alizozivua vitambaa, na kila plagi, kila skrubu, kila tundu lilikuwa la kijivu. Kitufe cha sauti nyembamba kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Kayamba iliniuma meno.

"Mama Nekesa!" Alifurahi waziwazi, akazima. Alipokea kopo la sindano, akalitikisa, akacheka. Tulisalimiana kwa urefu, nami niliona kwamba alinitazama midomo. Kisha, kabla hata chai haijaletwa, alivuta kiti.

"Nilikuwa nangoja mtu kama wewe. Nataka ile mtihani ya ukuta. Kama ni waya, nataka kujua. Kama ni mimi, nataka kujua. Lakini siwezi kujipima, kwa sababu mikono yangu inajua imefanya nini."

"Fundi, tunywe chai kwanza."

"Chai baadaye."

Akaketi akitazama ukuta, mgongo kwangu, viganja juu ya magoti. Nikawasha kaseti. Wimbo ulikuwa uleule. Niliuacha uende beti moja na kiitikio, nikausimamisha, nikarudisha nyuma.

Hapo nilisimama. Ningeweza kutogusa kitu. Angesema hakuna tofauti, nami ningesema umepata, Fundi, na tungekunywa chai na vijiko vyake sita, na ningerudi Busia mtu mwema. Niliutazama mgongo ule wa koti la bluu. Nikachomoa waya za twita, ya kulia na ya kushoto, nikazilaza sakafuni. Vidole vyangu vilibaki na grisi.

Nikawasha tena. Waimbaji walikuwepo, ngoma ilikuwepo. Kayamba ilikuwa imekufa kabisa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho wa kiitikio. Kisha akainua kidole.

"Ni ile ile," alisema. "Hujagusa kitu." Alisema kwa furaha ya mtu aliyefaulu.

"Nimegusa, Fundi."

"Umegusa nini?"

"Nimechomoa twita. Zote mbili."

Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuwa akiniona midomo, na binti yake akaacha kutwanga kule uani. Kaseti iliendelea. Hakugeuka.

"Sasa kayamba iko?"

"Sasa haipo."

"Na mara ya kwanza ilikuwa iko?"

"Ilikuwepo."

"Kidogo?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mwingine yeyote. "Si kidogo. Ilikuwepo yote. Na siku ile dukani pia ilikuwepo yote. Nilikudanganya."

"Ungeniambia, Mama Nekesa," alisema. "Ile ya kanisa ingekuwa nzima." Halikuwa tusi, na ingekuwa nafuu kama lingekuwa tusi.

Kisha akainuka. Alizima kaseti, akatafuta chupa ya spiriti na kitambaa. Nilikitambua, kilikuwa kipande cha sare ya kijani niliyoshona miaka mingi nyuma. Akaanza na plagi ya kwanza. Alifuta, akageuza kitambaa, akafuta tena, mpaka chuma kikang'aa, akaenda ya pili. Nikachukua upande mwingine wa kitambaa nikasaidia. Tulimaliza zote. Mwisho alichukua kichupa cha matone ya macho, akakikaza kifuniko, akanitilia kwenye kanga yangu.

"Haikuwa mgonjwa," alisema, akiipigapiga amplifaya juu. "Nimeinywesha dawa bure."

Akarudisha waya za twita mwenyewe, akazikaza. Akakigeuza kiti kutoka ukutani na kukaa akinitazama mimi.

"Piga," alisema. "Ukisikia kayamba, inua mkono."

Nikawasha. Kwaya ikaanza, na nyuma ya wote yule mtu akaanza kutikisa. Nikainua mkono. Fundi aliutazama, akatikisa kichwa taratibu kukubali, na sikuushusha mpaka wimbo ulipokwisha.